Kibati cha Landrova

"Usinizungushe, Baino! Nakuuliza kitu kimoja tu. Kibati cha gari langu kiko wapi?"

"Ma Adventina, unaniuliza mimi kama nani? Mimi trafiki?"

"Nakuuliza wewe kwa sababu wiki nzima wewe ndiye uliyekuwa ukiingia na kutoka kwenye ua huu kama mkwe!"

Watu wakacheka. Walikuwa wameshafika kama saba hivi, wengine na majembe begani, mmoja na dumu la maziwa lililokuwa linasubiriwa na mteja, na kila mmoja anajifanya alikuwa anapita tu. Huku kwetu Ihanda ugomvi wa Jumamosi asubuhi ni kama redio. Ukifunguliwa, hata wa kitongoji cha pili anasogea. Kwa kawaida mimi ndiye wa kwanza kusogea. Ukweli niuseme, napenda umbea kuliko nyama. Siku hiyo sikuwa na pa kusogea, maana ugomvi wenyewe ulikuwa wangu.

Adventina alikuwa upande wake wa uzio, ameegemea fimbo, mguu wa kushoto ameuinua kidogo kama mtu aliyekanyaga kaa. Nyuma yake ilisimama Landrova ya marehemu mumewe, Cleophace, inang'aa bluu hadi macho yanauma. Jana yake jioni mnunuzi alikuwa amempigia simu, akasema ametoka Mwanza, atalala Biharamulo, na akaomba atumiwe picha ya kile kibati kilichopigwa ribiti karibu na miguu ya dereva, chenye namba ya gari na mwaka. Asubuhi Adventina akachechemea mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akakuta matundu manne matupu.

"Mafundi uliwaleta wewe," akasema.

"Fundi nilimleta mmoja."

"Basi huyo mmoja!"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nilikuwa nayo kabisa, imekaa mbele yangu kama kiti. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi watu wakinitazama mdomo hufika kabla ya akili.

"Basi muulizeni Ainebyona," nikasema. "Mimi nilimpa kazi ya kupaka rangi. Msasa alishika yeye, bisibisi alishika yeye. Vijana wa siku hizi mkiwaonyesha chuma wao wanaona mzani wa chuma chakavu. Kesho mtazame vizuri kanisani, labda amekivaa shingoni."

Wakaangua kicheko. Yule wa maziwa akainama, akashika magoti. Adventina hakucheka, ila aliacha kunibishia, na nikahesabu kwamba nimeshinda. Mtu mmoja alikuwa tayari ameshatoa simu anampigia Ainebyona aje ajibu.

Kile kibati kilikuwa nyumbani kwangu, juu ya kabati la vyombo, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Sasa ngojeni niwaeleze kilichokuwa kichwani mwangu, kwa sababu nikiparuka hapa mtaniona mwizi wa kawaida, na mimi mwizi wa kawaida siyo. Mimi ni dalali wa ng'ombe. Shule niliiacha darasa la nne, mengine yote nimefundishwa na minada, kuanzia Mabira hadi huku kwetu. Niletee ng'ombe, nitamfungua mdomo nisome meno, nitambonyeza mbavu, kisha nitashika pembe. Pembe ndiyo cheti cha kuzaliwa. Kila ndama anayezaliwa anaacha pete kwenye pembe ya mama yake. Ukihesabu pete umejua huyu mama amezaa mara ngapi na amebakiza mara ngapi. Ndiyo maana mwenye ng'ombe mzee, siku mbili kabla ya mnada, anatafuta tupa na kuzisugua zile pete mpaka pembe iwe laini, halafu anaipaka samli ing'ae. Nimesugua pembe nyingi mimi. Huko hatuiti wizi. Tunaita kumtengeneza ng'ombe.

Landrova ile Cleophace aliiendesha tangu akiwa dereva wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa, na chama kilipokufa akainunua yeye. Rangi yake ilikuwa kijani iliyochoka, na mlangoni kulikuwa na maandishi meupe ya mkono, CHAMA CHA WAKULIMA, GARI NA. 3, herufi zenye mikia kama za kwenye kadi za harusi za zamani. Cleophace alipofariki gari likabaki uani, kuku wakataga humo. Halafu mwaka jana Adventina akaanguka na bodaboda kwenye utelezi, nyonga ikaharibika. Hospitali wakamwambia dawa ni kubadilishiwa nyonga Mwanza, wakamtajia bei, akarudi nyumbani akanunua fimbo.

Binti yake Sharon, anayefundisha Bukoba, akaja likizo, akalipiga gari picha vilevile lilivyokuwa, na kuku wake ndani, akaziweka kwenye ukurasa mmoja wa kuuza magari mtandaoni. Hatujakaa wiki, akapiga mama mmoja anaitwa Kemilembe. Mzaliwa wa Nyakakika, lakini makazi yake Mwanza, ana magari ya zamani anayoyakodisha kwa maharusi na kwa watu wa kupiga picha. Akataja milioni kumi na nane. Adventina alipokuja kuniambia alikuwa ananong'ona, kama mtu anayeogopa bei itamsikia ikimbie. Fedha hiyo ilikuwa nyonga, kitanda cha hospitali, nauli na chenji.

"Baino, wewe ndiye unayejua kuuza," akaniambia. "Nisimamie."

Mimi nilichokishika katika maneno ya yule mama wa Mwanza ni kitu kimoja tu. Alisema, "Msiliguse. Niachieni kama lilivyo." Jamani, mnadani mtu akikuambia "nitamchukua kama alivyo", shika mfuko wako. Huyo anakuandaa. Akifika atakuonyesha kila kidonda na kila kupe, na kila kupe atamkata bei. Nikasema, huyu mama kapatikana. Atakuta gari limetengenezwa, hana la kukata, tena mimi ndiye nitakayempandishia.

Nikamtafuta Ainebyona. Rangi ilikuwapo, ya mafuta, imebaki kwenye mageti ya duka. Nikalazimisha viti vivikwe nailoni mpya, taa za mbele zile za duara nikamuuzia mpita njia wa chuma chakavu, tukaweka za kisasa. Na Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, mimi nimeaga nina homa, nikaingia kwenye gari na bisibisi, nikang'oa kibati. Kilikuwa kimegongwa mwaka 1967. Nikajiambia, nani ananunua ng'ombe ambaye pete zake zinahesabika mpaka sitini? Nikapanga kwamba biashara ikiisha, nitakirudisha kama ukumbusho wa marehemu, na tutacheka wote.

Sasa mmenielewa. Hata wakati ule namsingizia Ainebyona, nilikuwa bado nadhani ninamsaidia Adventina.

Nikarudi kwangu kunywa chai. Mke wangu Ruth alikuwa jikoni anamenya ndizi, rundo zima, maana Adventina alikuwa amemwomba amsaidie kupikia wageni. Hakuinua kichwa.

"Nimewasikia mkicheka," akasema.

"Adventina anapenda maneno."

"Nimemsikia na Ainebyona akitajwa."

Nikamimina chai. Ruth akachukua ndizi nyingine. Kisu chake kilikuwa kinakwenda taratibu kuliko kawaida.

"Kopo langu la maziwa limeanza kulia," akasema. "Nilipolishusha leo likalia kama kengele. Nikalirudisha juu. Mimi nitanyamaza, Baba Elieza, ni kazi yako na mdomo wako. Ila usinitake nicheke."

"Biashara ikiisha nitarekebisha kila kitu."

"Mwenyewe Ainebyona amepita hapo barabarani sasa hivi. Anakimbia. Kaacha kazi ya watu kule Omurushaka aje ajibu wizi."

Sikuimalizia chai.

Ainebyona ni kijana wa miaka thelathini na kidogo, ana mke na mapacha, na ana kasoro moja kubwa kwa mtu anayeishi karibu na mimi: hajui kujibizana. Nilipofika kwa Adventina nilimkuta amesimama katikati ya ua, mikono imejaa madoa ya rangi, anarudia neno lilelile.

"Mimi sikukichukua. Ma Adventina, mimi sikukichukua kabisa."

"Ulipaka ndani?"

"Nilipaka. Kibati nilikizungushia karatasi kisichafuke. Jumamosi iliyopita nilipomaliza kilikuwapo."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu sikuja. Baino alisema kazi imeisha." Akanitazama. "Mjomba, si uliniambia kazi imeisha?"

Watu wote wakanigeukia. Nikapiga miayo, hebu fikirini. Nikapiga miayo, nikasema, "Mimi nilikuwa na homa."

Kabla mtu hajaniuliza homa ya aina gani, tukasikia mngurumo barabarani na gari la Kemilembe likaingia. Kwa haraka sana watu walisahau ugomvi wakaanza kuokota majani uani, kupanga benchi, kumpokea mgeni. Huo ndio uzuri wetu. Adventina akamtolea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, mama yule akachukua punje mbili tatu, akatia mdomoni kama mtu wa nyumbani, akaamkia wazee shikamoo kwa mzunguko bila kuruka hata mmoja. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, raba miguuni, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikampenda. Nikasema moyoni, huyu tutaelewana.

Halafu akageuka, akaiona Landrova.

Nimeona watu wakipokea habari za msiba simuni. Sura yake ilikuwa hiyo. Akavaa miwani, akaenda polepole, akaweka kiganja kwenye mlango, pale palipokuwa na maandishi. Akapapasa kama anatafuta mshipa.

"Karibu, mama," nikaanza. "Chombo hicho. Tumekitengeneza, unaona mwenyewe, kama kimetoka kiwandani jana."

"Nani alikipaka?"

"Tumepaka," nikasema kwa fahari.

Akaanza kulipima. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoanza kuona aibu, kabla hata hajafungua mdomo, kwa sababu nilizijua zile mbinu. Akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, sikio limeinama, kama ninavyobonyeza mbavu. Akalala chali chini ya gari, juu ya vumbi, na shati lake jeupe, akamulika kwa simu. Akahesabu ribiti kwa kidole. Akafungua boneti, akanusa. Akavuta mlango, akausikiliza ukifunga. Nikajua huyu ni dalali mwenzangu, na nikajua pia kwamba anasoma kitabu nisichokijua hata herufi moja.

Mwisho akaingia sehemu ya dereva, akainama. Akakaa humo muda. Alipotoka miwani ilikuwa mkononi.

"Ma Adventina," akasema kwa upole, "kibati kimekwenda wapi?"

"Ndicho tunachokitafuta tangu asubuhi, mwanangu."

Kemilembe akaketi kwenye benchi. Akavuta pumzi.

"Nitasema wazi ili msinione mjanja. Gari la kutembelea likizeeka linashuka bei. Hili halikuwa la kutembelea tena. Lilikuwa limeshuka mpaka chini, likagota, likaanza kupanda. Mimi sikuja kununua gari jipya, mapya yamejaa Mwanza. Nilikuja kununua uzee wake. Ile kijani iliyochoka, zile taa, yale maandishi ya mkono ambayo hakuna mtu leo anaweza kuyaandika. Rangi hii nitaitoa, ni gharama lakini itatoka. Taa nitatafuta. Maandishi hayarudi. Na bila kibati siwezi hata kuthibitisha kwamba ni la mwaka ule, wala kwamba namba ya kwenye kadi ni ya gari hili. Nitakayempelekea atanicheka, na polisi njiani watanisimamisha."

"Kwa hiyo?" akauliza Adventina.

"Kwa hiyo ninaweza kutoa saba. Na hiyo saba, mama yangu, ninatoa kwa sababu nimetafuna kahawa yako."

Adventina hakulia. Ningependa angelia. Alikaa kwenye benchi kwa kujishusha upande mmoja, taratibu, kama anavyokaa siku zote tangu aanguke, akaanza kuisugua ile nyonga kwa kiganja. Anaisugua, anaitazama Landrova, anaisugua. Saba isingemfikisha hata kwenye mlango wa chumba cha upasuaji.

"Na kibati kingekuwapo?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Kingekuwapo tungeongea kitu kingine. Si kumi na nane. Lakini kitu kingine."

Watu wakaanza kunung'unika, na minong'ono ikatafuta mahali pa kutua, ikatua kwa Ainebyona. Mmoja akasema aletwe mfuko wake wa kazi. Ainebyona hakubisha. Akaushusha begani akaumwaga mwenyewe kwenye majani: brashi, misasa, chupa ya mafuta ya taa, kipande cha mkate kwenye karatasi. Mtu akasema mifuko ya suruali je. Akaanza kuipindua nje, mmoja mmoja. Na yule wa maziwa, bado alikuwapo, maziwa sijui yaliishia wapi, akapaza sauti, "Angalieni shingoni, Baino kasema amekivaa shingoni!"

Wakacheka. Kwa utani wangu, kwa maneno yangu yaleyale niliyoyatoa asubuhi bure, kama mtu anayegawa njugu.

Ainebyona akafungua kifungo cha juu cha shati.

Nikaondoka. Sikuaga mtu, nilipita kwenye migomba, ile njia fupi. Njiani nilikuwa bado natengeneza maneno, ndiyo maana nasema mdomo huu ni ugonjwa. Nitasema nimekiokota kwenye majani. Hapana, nitasema kuku walikuwa wanakichezea. Nitasema yule wa chuma chakavu alikiangusha njiani. Kila uongo nilioupata ulikuwa mzuri, na kila mmoja ulikuwa na tundu moja: ungemwacha Ainebyona amesimama pale na shati wazi. Mtu angesema, basi alikitupa yeye alipoona tunakitafuta.

Nilishusha kopo. Kweli lililia kama kengele.

Niliporudi Kemilembe alikuwa anatafuta funguo zake kwenye mkoba. Nikapita katikati ya watu, nikaweka kibati kwenye benchi kati yake na Adventina, kile kibati chepesi ambacho uzito wake haufikii kijiko.

"Ni mimi," nikasema.

Kemilembe akaacha kutafuta funguo, akakichukua.

"Nilikitoa Jumapili mkiwa ibadani. Sikuwa na homa. Niliona mwaka umeandikwa, nikaona utaangusha bei, nikautoa kama tunavyosugua pembe. Rangi ni mimi. Taa ni mimi. Ainebyona aliniambia hii rangi ni ya mageti, nikamwambia apake. Akaniambia maandishi ya mlangoni ni mazuri, ayazungushe asiyafute. Nikamwambia futa. Na asubuhi nilijua kibati kiko wapi wakati namtaja yeye."

Nyuma yangu mtu akacheka, mmoja tu, akaacha. Halafu sauti ya mama mmoja mtu mzima, simtaji jina kwa kuwa ni shangazi yangu, ikasema, "Mawe, mama wee! Kumbe tupa lake limefika mpaka kwenye magari." Hapo wakacheka wengi. Nimechekesha watu miaka ishirini na nne mnadani na sikujua kwamba kicheko kina upande wa pili. Masikio yangu yaliwaka. Nilitaka kuitazama ardhi lakini ardhini kulikuwa na brashi za Ainebyona zimetawanyika, nikapiga magoti nikaanza kuziokota na kuzirudisha mfukoni. Brashi moja, aliyotoka nayo Omurushaka, ilikuwa na rangi bado mbichi, ikanipaka bluu kiganjani.

"Acha," akasema Ainebyona. "Nitaokota mwenyewe."

Akaokota mwenyewe.

Kemilembe alikuwa amevaa miwani anakilinganisha kibati na kadi ya gari, namba kwa namba, kidole kinatembea. Akaenda na simu chini ya gari tena, akamulika chesisi. Akatoka na vumbi mgongoni.

"Namba zote tatu zinakubaliana," akamwambia Adventina, kama vile mimi sipo. "Nitatoa kumi na tatu. Ningetamani iwe ile ya kwanza, lakini maandishi yale ndiyo yaliyonitoa Mwanza."

Adventina akafumba macho, midomo inahesabu. Najua alichokuwa anahesabu kwa kuwa alishanihesabia mara nyingi: hospitali, na kile atakachochangia Sharon, na kahawa iliyobaki mtini.

"Nikisubiri mavuno," akasema, "nitafika. Si sasa. Mwezi wa saba, wa nane."

"Ungeweza kwenda mwezi huu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Labda nilitaka mtu anipige.

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niweke kibati. "Najua, Baino. Hesabu naijua."

Wakaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Fedha ikaingia kwa simu, akaiangalia, akampa mwenyekiti aiangalie, akampa na Ruth. Udalali sikuutaja na hakuna aliyenikumbusha. Watu wanne walisukuma gari kutoka uani, nikaweka mkono nisukume nao, na mtu aliyekuwa mbele yangu akasogea kidogo, si sana, kiasi cha bega lake kutogusana na langu.

Kisha harufu ya ndizi na maharage ikatoka jikoni, na mambo yakawa kama yanavyokuwa siku zote. Beseni likazungushwa na birika la maji ya uvuguvugu. Mkeka ukatandikwa sebuleni. Kemilembe akavua raba, akaingizwa kwanza, wakafuata wazee, Ruth anapitisha sahani, watu wakaanza kusimuliana upya kila kitu tulichokuwa tumekishuhudia wote kwa pamoja nusu saa iliyopita. Nilisikia jina langu mara mbili, halafu kicheko, halafu sauti zikashuka. Nyumba ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Siku nyingine yoyote ningekuwa katikati ya mkeka ule, nimeshika paja la kuku, nawasimulia wao.

Nikafuata ukuta, nikapita nyuma ya jiko, nikashika ile njia ya migomba. Nyumbani kulikuwa na chai ya asubuhi, imepoa. Ingetosha.

"Baino."

Sikusimama mara moja. Nilidhani nikiendelea kutembea ataniacha, kwa mguu ule hawezi kunifuata. Lakini nilisikia fimbo yake inapiga udongo, hatua, fimbo, hatua, na hilo sikuliweza. Nikageuka, nikarudi mimi ili asitembee yeye.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya jiko, taulo ya kupangusia mikono begani, jasho la moshi usoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Ma Adventina."

"Ruth yuko huku, nyumbani nani atakupa chakula?"

"Sina njaa."

"Usianze tena uongo, mchana haujaisha." Hakutabasamu. "Yale yako na mimi hatujayamaliza. Nitakuita, tutakaa, utanisikiliza mpaka nichoke. Nyonga yangu itakuwa inanikumbusha, usidhani nitasahau."

"Ndiyo, mama."

Akaishusha ile taulo begani, akanipa. Nikatazama kiganja changu chenye bluu, nikaogopa kuichafua.

"Ainebyona amekataa kuanza," akasema. "Anasema sahani yake ni ya watu wawili na mwenzake hajafika. Nimemuuliza mwenzake ni nani, amenitajia wewe. Nawa hapo kwenye dumu, Baino, uingie mle."